Milimita Mbili Nilizokuficha

Olasiti,
Alhamisi, tarehe 12 Juni

Mwanangu Aneth,

Katika barua hii nitakuambia yote, pamoja na lile ambalo nilikusudia kufa nalo. Nimejiahidi hivyo kabla ya kuandika neno la kwanza, na wewe unanijua, nikishaweka penseli kwenye karatasi siinuki mpaka mstari ufike mwisho.

Naanza na lililo la haraka, ili hata ukiichana barua baada ya ukurasa huu uwe umelipata. Mchoro wa pleti ya giaboksi ulioupeleka karakanani kwa Lomayani una kipimo kimoja cha uongo. Unene wa pleti umeandikwa milimita ishirini na tano. Unene wa kweli ni ishirini na saba. Hukukosea kunakili. Mimi ndiye niliyeandika uongo huo, kwa mkono wangu na kwa makusudi, wewe ukiwa bado unajifunza kuandika jina lako.

Najua kitakachokujia kichwani. Utasema mama ana kinyongo, anataka kuniharibia kazi kabla sijafika Mwanza. Lomayani naye amesema hivyo hivyo. Nilimpigia leo mchana, nikamsalimia, nikamweleza taratibu. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa. Nilipomaliza akasema, "Mama Aneth, mashine yangu haina kinyongo na mtu. Inakata inachoambiwa." Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo shida yenyewe. Akaniambia nipumzike. Akasema pleti mbili zimeshafungwa, mafundi wake wamewasha injini, wameingiza gia zote, hakuna hata mlio. Kisha akaniaga kwa heshima na kukata simu.

Wewe hupokei simu zangu tangu Jumapili. Ndiyo maana naandika. Mama mdogo wako atapitia hapa jioni hii aichukue, aje akukabidhi huko kwake Makumira kabla hujaenda kupanda basi asubuhi. Sitaandika habari za blanketi wala za kuweka akiba, wala jinsi ya kuishi na wenyeji wa Mwanza. Hayo mengine unayajua na mengine utayajua bila mimi.

Umesoma chuo, na hesabu zako zinazidi zangu. Lakini acha nieleze kama ninavyowaeleza madereva wanaokuja karakanani kwetu Sombetini, kwa sababu nataka uone ninachokiona. Zile gari za watalii za zamani, za Kiingereza, injini zake zinadumu lakini giaboksi zinachoka. Mwenye gari anataka giaboksi ya Kijapani, maana vipuri vyake vinapatikana kila duka. Hivyo viwili havikuzaliwa pamoja. Matundu ya bolti hayaelekeani. Ndipo inapoingia pleti yetu katikati, upande mmoja ikiwa na matundu ya injini, upande wa pili matundu ya giaboksi. Shafti ya giaboksi inapita katikati ya klachi, na ncha yake inaingia ndani ya bushi, kikombe kidogo cha shaba kilicho mwisho wa krenkshafti, ule mhimili unaozungushwa na injini. Unene wa pleti ndio unaoamua ncha ile iingie kiasi gani. Kwa ishirini na saba, mbele ya ncha kunabaki nafasi ya milimita mbili. Kwa ishirini na tano, ncha inagusa.

Inagusa tu. Ukiizungusha kwa mkono gari likiwa baridi huhisi kitu. Ukiwasha injini karakanani kwa nusu saa, husikii kitu. Lakini gari likipakia watu na kupanda kilima, chuma kinapata moto na kurefuka, na shafti haina pa kwenda. Inasukuma krenkshafti mbele na kuisukuma giaboksi nyuma, na beringi ya mbele inabeba mzigo ambao haikutengenezewa. Hapo inaanza kuvuma. Baadaye inanyamaza, na dereva anafurahi kwamba imenyamaza. Siku moja kwenye mteremko mrefu gia inachomoka yenyewe, na dereva anabaki na breki peke yake na gari zito linalokimbia.

Hili sikulisoma kitabuni. Nililifanya mimi.

Unajua kwamba nilikuwa mwanafunzi wa kukaa dawati la mbele. Nimekuchosha na hadithi za mwalimu wetu wa uchoraji wa kiufundi, aliyetufundisha kuchora kitu kimoja kutoka pande tatu na kutupigia mstari mwekundu tukisahau kuandika kipimo. Nilimaliza kidato cha nne nikiamini kwamba mtu akichora kwa usafi na kuandika vipimo vyote, dunia itamwelewa. Nyumbani Nkoaranga hapakuwa na uwezo wa kunisomesha zaidi. Nikashuka mjini na michoro yangu kwenye bahasha, nikapita karakana moja baada ya nyingine, mpaka nikafika Kaloleni kwa Mzee Athumani.

Mzee Athumani alikuwa mkereza, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine. Baba yake alitoka pwani, akafuata kazi ya reli, watoto wakazaliwa huku bara. Alikuwa na mashine moja ya kukereza, kongwe kuliko yeye, na watu walimletea vitu hata kutoka Babati. Aliitazama michoro yangu yote, mmoja mmoja. Mwisho akasema, "Binti, umechora vizuri mpaka naona huruma kukata." Mafundi wake wakacheka, na tangu siku hiyo jina langu pale likawa Madam Penseli. Nilifagia mabaki ya vyuma miezi mitatu kabla ya kuruhusiwa kugusa mashine. Halafu akanifundisha. Sitamdhulumu kwa hilo, alinifundisha kwa moyo wote. Alinishika mkono nikausikia mtetemo wa kisu kinapokata vizuri na kinapodanganya.

Kitu kimoja tu hakunifundisha. Alikuwa na daftari la jalada gumu, lenye vipimo vya kila pleti na kila bushi aliyowahi kutengeneza, na kila alipofungua ukurasa alisimama akiwa amenigeuzia mgongo. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi, na wewe hujawahi kuambiwa desturi hii kwa sababu ya uoga wangu. Katika kila mchoro waliweka kipimo kimoja kibaya. Mzee alikiita kufuli. Mwenye daftari anajua kufuli liko wapi, anasoma namba moja na kukata nyingine. Mwizi anasoma na kukata alichosoma.

Nilikaa kwake miaka minne. Nilitaka karakana yangu, na nilijua nikiomba ruhusa ataniambia bado. Basi Ijumaa kadhaa mfululizo, alipokwenda msikitini, nilifungua kabati na kunakili daftari lile. Nilinakili kwa rula, kwa mwandiko ule ule wa shuleni, ukurasa kwa ukurasa, nikawa najisifu kwa usafi wa kazi yangu. Kisha nikamwambia Mzee kwamba mama yangu anaumwa, nahitajika nyumbani. Akanipa kisu cha kukerezea kama zawadi ya kuniaga. Hicho ndicho chenye mpini wa mninga ambacho umekitumia.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa pikapu ya kaka yangu, mjomba wako Eliamani.

Umekua ukiambiwa kwamba mjomba alikosea gia kwenye mteremko wa Nkoaranga, na kwamba mguu wake haukunjiki kwa sababu hiyo. Yeye mwenyewe amesema hivyo kwenye kila msiba na kila kipaimara, akijicheka: mimi nilikuwa dereva wa wiki tatu tu. Aneth, mjomba wako hakukosea gia. Nilimfungia pleti kwa vipimo vya Mzee Athumani, na vipimo vile vilikuwa na kufuli la milimita mbili. Pikapu ilifanya kazi wiki tatu. Wiki ya kwanza alikuja kuniambia inavuma kidogo. Nikamwambia ni mpya, itazoea. Wiki ya tatu alikuwa anashuka na ndizi, gia ikachomoka, breki zikaungua, akaugonga ukingo wa barabara pale kwenye kona ya kanisa. Ndizi zilimfunika. Waliomtoa walidhani amekufa.

Nilipoifungua giaboksi nilikuta ncha ya shafti imekuwa ya bluu kwa moto, na bushi imesagika kabisa. Nilielewa papo hapo, nikiwa nimepiga magoti kwenye oili. Nikaitupa pleti ile kwenye chuma chakavu kabla baba yangu hajafika kuniuliza. Watu walisema Eliamani alikosea gia, nikaacha waseme. Na yeye, kwa kuwa hakukumbuka vizuri dakika ile, akaamini. Ameamini mpaka leo asubuhi.

Mwezi mmoja baadaye nilikwenda Kaloleni. Mzee alikuwa kwenye mashine na hakuizima. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, bila kunitazama, mguu wa kaka yangu unaendeleaje. Ndipo nikajua kwamba anajua.

Nikamwuliza, "Mzee, ulijua kwamba nimechukua vipimo?"

"Nilijua kabla hujaaga. Daftari lilikuwa linarudi kabatini limelala kifudifudi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaisimamisha mashine. "Wewe uliniambia?"

Hakuna lingine alilosema. Nimelibeba jibu lile miaka ishirini na zaidi. Nimemchukia kwa sababu ya jibu hilo. Alinipa zawadi ya kuniaga akijua ninaondoka na kitu kitakachoua, akanitazama nikivuka barabara. Alipofariki nilikwenda msibani, nikakaa na wanawake kwenye mkeka, nikalia kuliko binti zake, na hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nalia kwa hasira.

Sasa nikuambie nilichokifanya na chuki ile. Ungedhani nilirudi nyumbani nikaapa kwamba daftari langu litakuwa la kweli tupu. Nami nilidhani hivyo kwa wiki moja. Halafu nilipochora pleti yangu ya kwanza niliyoibuni mwenyewe, ile ile uliyoipeleka kwa Lomayani, ambayo ilinichukua mwaka mzima wa kupima na kukosea na kukata tena, niliogopa. Niliwaona wezi kila mahali kwa sababu mimi ni mwizi. Nikaweka kufuli. Nikachagua unene, na nikapunguza milimita mbili, kiasi kile kile cha Mzee. Nilijiambia nitalitoa siku nitakapopata mtu wa kumwamini.

Kisha ukakua. Sitasahau jinsi ulivyokuwa unasimama karakanani, ukiwa darasa la tano, umevaa sweta ya shule, unaniuliza kila bolti inaitwaje. Wateja walikuwa wanakutania kwamba wewe ndiye bosi na mimi nimeajiriwa. Ulipoingia chuo cha ufundi niliona kama ndoto yangu ya dawati la mbele imejibiwa baada ya miaka mingi. Na uliporudi likizo ile na kompyuta mkononi, ukasema, "Mama, nipe daftari nikuchoree upya, hii penseli inafutika," nilikupa. Ulikaa wiki tatu mezani. Ulinionyesha pleti yangu inazunguka kwenye kioo, nikaiona kwa nyuma, kwa pembeni, kama kitu cha wakubwa. Nilikuwa na kila nafasi ya kukuambia. Ulinionyesha kwa kidole mahali pa unene, ukaniuliza, ishirini na tano, sivyo? Nikasema ndiyo.

Nimejiuliza leo kutwa kwa nini. Nilisema nataka kwanza umalize chuo. Halafu nikasema nataka kwanza urudi kufanya kazi na mimi. Ukweli ni kwamba sikukuamini, Aneth. Binti yangu mwenyewe, niliyemnyonyesha, nilimpa daftari lenye kufuli. Wewe ulipompelekea Lomayani mchoro ule ulidhani unampelekea kazi nzima ya mama yako. Hukujua kwamba mama yako alikuwa ameshakupunja kabla.

Nayaandika haya, lakini usidhani kwamba nimeacha kuumia. Nimeumia, na sitaandika kana kwamba sijaumia. Nilipata habari kwa mtu mwingine. Yule dereva anayetuletea gari la rangi ya mchanga alikuja kuchukua bushi zake, akanipongeza. Akasema, kumbe sasa mmeungana na Lomayani, nimeona pleti yenu pale, inakatwa kwa kompyuta, na jina la Aneth liko chini ya mchoro ukutani. Nikamwambia ndiyo, tumeungana. Nilimfungia bushi zake kwenye gazeti, nikamsindikiza mpaka nje. Nikarudi ndani nikakaa kwenye kiti chako.

Hiyo ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita. Leo ni siku ya tisa.

Siku ile ile nilijua kila kitu. Nilijua Lomayani ana mchoro, nilijua mashine yake haisikii mtetemo wa kisu wala haina mkono wa kusita, nilijua itakata ishirini na tano. Nikanyamaza. Nilikwenda kazini, nilikwenda kwenye mazoezi ya kwaya, nilimenya ndizi. Na ndani yangu, nisikudanganye, kulikuwa na kitu kinasema: acha ivunjike. Ivunjike moja tu, pasipo na mtu, halafu warudi hapa Sombetini na kofia mkononi, Lomayani mbele na wewe nyuma yake. Niliona mpaka mahali mtakaposimama. Nilikuwa nimeshaandaa la kukuambia. Ungeniuliza kwa nini sikusema, nami ningekujibu, wewe uliniambia?

Jumapili uliponikuta nyuma ya kanisa ulikuja kunieleza habari za Mwanza, kwamba Lomayani anafungua tawi na wewe ndiye utakayesimamia mashine. Sauti yako ilikuwa na furaha na woga pamoja. Ningeweza kukuambia pale. Badala yake nilikuuliza habari za mchoro, mbele ya wanakwaya, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Ukasema siku hizi watu hawafichi michoro, wanatumiana kwa simu. Ukasema Lomayani alikuomba kazi uliyoifanya na hiyo ndiyo nzuri kuliko zote ulizonazo.

"Na jina langu liko wapi?" nikakuuliza.

"Jina gani, mama? Hukuliandika popote."

Jibu lile lilinichoma kwa sababu ni kweli. Sikuwahi kutia sahihi kwenye ukurasa wowote wa daftari lile. Mtu anayeweka kufuli hawezi kutia sahihi chini ya uongo. Lakini wewe ulijua ni mkono wa nani. Ulikuwa umeona miaka ya kufuta na kuchora upya kwenye karatasi ile, imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, ukaichora upya na kuandika Aneth chini yake. Nilikugeuzia mgongo nikaondoka, na wewe ukaenda Makumira kwa mama mdogo. Simu zangu hukupokea. Na mimi, nakiri, nilikupigia mara mbili tu, na nilifurahi kidogo hukupokea.

Leo asubuhi nilipanda Nkoaranga kwa mjomba wako. Sikuenda kwa ajili ya kukiri. Nilienda kulalamika. Nilitaka mtu mmoja wa damu yangu aniambie kwamba nimesalitiwa na mtoto wangu. Nilimkuta anakata majani ya mgomba kwa ajili ya ng'ombe, ameuegemeza mguu kwenye shina kama anavyofanya siku zote. Nikamweleza kila ulichonifanyia. Akasikiliza, akasikitika sana, akakuita majina ambayo sitayaandika. Halafu akaniuliza kitu cha kawaida kabisa: hiyo pleti yenyewe Lomayani ataweza kuitengeneza sawasawa?

Nikasema hapana. Nikamweleza kufuli. Nikajikuta siwezi kunyamaza hapo, nikamweleza na la Mzee Athumani, na la pikapu, mpaka la pleti niliyoitupa kwenye chuma chakavu. Nilizungumza nikitazama panga lake, siyo uso wake.

Akaendelea kukata majani mpaka ng'ombe akaanza kulia kwa njaa. Kisha akasema, "Miaka yote hii naitafuta ile gia usingizini. Naamka mkono umekunja ngumi hivi."

Nikamwambia nisamehe. Akaniuliza, "Mtoto anajua hicho kipimo?"

"Hajui."

"Na magari yanatembea?"

"Nadhani."

Akaniambia, "Basi umekaa hapa unafanya nini?" Akachukua majani yake akaenda bandani bila kuniaga. Sijui kama atanisamehe. Sikubaki kuuliza. Nilishuka kwa miguu mpaka barabara kuu, na pale barabarani ndipo nilipompigia Lomayani.

Sasa umejua yote. Sikuombi urudi. Kama ungekaa kwa sababu ya barua hii ningekuwa nimekufunga kwa kufuli lingine. Nenda Mwanza. Kazi ile unaiweza. Tena nitasema jambo ambalo linanitoka kwa shida: ile njia yako, ya kuchora wazi na kuwapa watu, ndiyo ile niliyofundishwa shuleni nikaisaliti kwa ajili ya daftari la mzee mmoja. Ungeniomba tu. Ungesema, mama, nataka kuwaonyesha. Pengine ningekataa, pengine tungegombana wiki nzima, lakini katika ugomvi ule ningelazimika kusema ishirini na saba. Uliponizunguka ulininyima nafasi hiyo, na mimi nilikuwa nimeshakunyima mara elfu. Sijui nani alianza. Ninapohesabu, huwa nafika kwangu.

Wala sikuombi uniamini. Nimekupa sababu nyingi za kutoniamini, na mtu aliyedanganya mchoro anaweza kudanganya barua. Pima. Chukua kipande cha udongo wa kufinyangia, au hata ugali mgumu, weka ndani ya bushi, funga giaboksi, fungua, tazama umebaki unene gani. Kama nimesema kweli hutakuta kitu, ncha itakuwa imeutoboa mpaka chini. Utaona kwa macho yako, na utakuwa na la kumwonyesha Lomayani ambalo si maneno ya mama yako. Wewe atakusikiliza, kwa sababu jina lililo chini ya mchoro ni lako. Nilichukia jina lile kuwa pale. Leo ninashukuru liko, kwa kuwa ndilo pekee litakalomfanya azime mashine.

Daftari nimelifungua mbele yangu. Nimeipigia ishirini na tano mstari mwekundu, kama alivyokuwa akifanya mwalimu wangu, nikaandika ishirini na saba pembeni, na chini ya ukurasa nimeandika jina langu na la kwako. Kurasa nyingine zina makufuli yake. Nitazipitia moja moja, na kila nitakalolitoa nitakuandikia, ukipenda kupokea.

Mama mdogo wako nimemwomba asiondoke mlangoni pa chumba chako mpaka umemjibu, hata kama ni maneno mawili nyuma ya karatasi hii. Usinijibu kuhusu mimi na wewe. Hilo lina muda, au natumaini lina muda. Nijibu hili tu, ili kesho alfajiri niwe nimeshaanza kuwatafuta madereva wanaohusika: zile pleti mbili zilizokwisha kufungwa, Aneth, ziko kwenye magari gani, na leo yamekwenda wapi?

Mama yako